Nilikata Khanga za Bibi, Shangazi Akaninyima Marahaba Miezi Saba

Najua mmezoea nikiwaletea ya watu: nani kaachwa, nani kaposti kitu saa nane usiku akafuta alfajiri. Leo ya watu yapumzike. Naleta ya kwangu, na majina sitaji, maana wahusika wote wana simu na bando wanalo.

Kwa ambao hamjui, mchana mimi ni saidia fundi Kariakoo. Nilimaliza fomu foo, matokeo yakatoka, tukayaangalia mimi na bibi, tukanyamaza. Wiki ileile bibi akanishika mkono, mtu mzima na ndevu zangu tatu, akanipeleka kwa fundi cherehani anayekaa kwenye baraza la duka la vitenge, kichochoro kimoja kinachotokea Mtaa wa Kongo. Akamwambia, "Huyu mume wangu mfundishe kazi, shule imemshinda." Basi. Ndo digrii yangu hiyo.

Miezi ya kwanza kazi ilikuwa kufagia. Ukitaka kujua utajiri wa Kariakoo, angalia sakafu ya fundi saa moja usiku. Msimu wa harusi mtu analeta sare, magauni kumi na mawili ya kitenge kimoja, na kila gauni linaacha makombo yake: pembetatu za kwapani, nusu duara za shingo, vipande virefu vya pembeni. Vyote vinaingia kwenye kiroba, vijana wa gereji za Gerezani wanapita kuchukua wakafutie oili. Iliniuma, yaani. Kitenge kizito, kina harufu ya dukani bado, kinaenda kufuta gia boksi la Fuso. Nikaanza kuficha vilivyo vizuri.

Mfarishi wa kwanza nilishona dada yangu alipojifungua. Jamani. Nilichanganya kila kitu: kitenge, satini, suruali ya shule, hadi kile kitambaa cha kuvutika cha leginzi. Ulifuliwa mara moja tu. Satini ikajikunja, leginzi ikalegea, kitenge chekundu kikatoa rangi kikawapaka majirani zake wote, mtoto akawa amelalia kitu kama ramani ya mafuriko ya Jangwani.

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanipa somo. Pamba kwa pamba, usichanganye. Fua kabla hujakata, kitenge kipya kitoe wanga wake na rangi yake, kijivute kitakavyojivuta. Kata kwa kipimo, usikadirie kwa jicho. Nikakata kipimo kwenye boksi la viatu, inchi 6 kwa 6. Kila upande unaacha nusu inchi ya mshono, kwa hiyo ukishaunga, kiraka kinabaki inchi 5. Hiyo hesabu ishikeni, mbele huko itanirudia.

Baada ya hapo ni uvumilivu tu. Unaunga viraka vinakuwa mstari, unapiga pasi, unaunga mstari kwa mstari, nyuma unaweka merikani. Merikani ni ile pamba nyeupe ya kawaida isiyo na maua, na jina lake ni Marekani kweli: karne ya 19 wafanyabiashara wa Massachusetts walikuwa wanaileta Unguja kwa meli, watu wa pwani wakaiita kwa nchi yake. Katikati kwa joto la Dar sijazi kitu, labda shuka kuukuu. Ila baba mdogo yuko Njombe, na Njombe mwezi wa saba hawataniwi. Wa kwake niliuwekea blanketi zima la mtumba ndani, cherehani ikawa inalia kama bajaji kwenye mlima.

Jina la kitu chenyewe nililipata kwa bibi. Mimi nilikuwa naita shuka la viraka. Bibi aliushika, akaugeuza nyuma kuangalia mishono kama askari wa usalama barabarani, akasema, "Huu mfarishi. Bibi yangu alikuwa nao."

Watu wakajua, na vitambaa vikaanza kuja vyenyewe. Mama mmoja muuza khanga Mtaa wa Uhuru ananiwekea zilizopata kasoro ya mapanya. Bibi akatoa gora la pamba alilolificha tangu babu yuko hai, maana babu alikuwa mfanyakazi wa Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968. Lina mistari iliyochapwa upogo, ndo maana aliruhusiwa kwenda nalo nyumbani. Mdogo wangu yeye alileta jezi zake kuukuu za Yanga na sharti: kwenye mfarishi wake nisiweke kiraka chochote chekundu, hawezi kulala na Simba. Klabu moja iko Msimbazi nyingine Jangwani, hata mguu hauchoki ukitoka moja kwenda nyingine, lakini kitandani kwake hapana.

Jioni bibi alikuwa anakaa na mimi uani ananichagulia rangi. Nilipomsomea kwenye simu historia ya khanga alifurahi hadi akaniambia nirudie. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 akina mama wa Unguja na Mombasa walikuwa wananunua leso, neno la Kireno hilo, zile leso za mkononi zilizokuwa zinauzwa kwa gora kabla hazijakatwa moja moja. Wao wakawa wanakatiwa sita kwa pamoja, wanazigawa tatu tatu, wanaziunga, wanapata nguo moja ya kujifunga. Baadaye wenye maduka wakaona wachape kabisa nguo nzima. "Kwa hiyo khanga imezaliwa na viraka," bibi akasema, kama vile alikuwa anabishana na mtu miaka mingi na leo kashinda.

Usiku mwingine nikamwonyesha video ya akina mama Wasiddi wa Karnataka, India. Hao wazee wao walitoka huku Afrika, wengine walipelekwa utumwani, na mpaka leo wanashona mifarishi ya nguo kuukuu kwa mkono, wanaanzia pembeni wanazunguka kwenda katikati. Kwenye kila kona wanakunja kitambaa kidogo wanakishonea kama ua, wanaita phula. Mfarishi usio na phula kwao ni kama uko uchi. Bibi alisogeza simu karibu na macho, akaangalia sana ile mikono. Halafu akaniuliza kwa nini za kwangu ziko uchi. Tangu siku hiyo naweka ua kila kona.

Bibi alifariki wakati wa masika. Hapo sitasema mengi.

Sasa nyumba. Nyumba yetu ilikuwa ile ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, nyuma ua na jiko na choo. Mnaoijua Kariakoo mnajua nyumba ya namna hiyo ina miaka mingapi ya kuishi. Kulia kwetu ghorofa, kushoto ghorofa, nyuma stoo ya mabegi. Bibi alipokuwa hai mnunuzi hakuthubutu kuvuka baraza. Alipoondoka, warithi wakakaa, wakakubaliana, na siwalaumu, kila mtu ana watoto wake. Shangazi mkubwa Mbagala, shangazi mdogo Chanika, baba mdogo Njombe, dada anajiandaa kumfuata mume wake Muscat. Mimi na dogo tukapanga chumba Ilala. Ile korido tuliyokuwa tunalala kwa mstari sikukuu za Idi inakwenda kuwa sakafu ya kwanza ya ghorofa la vifaa vya simu.

Ndo nikapata wazo. Nikasema, nyumba haigawanyiki, inauzwa, mnagawana hela. Lakini khanga za bibi zinagawanyika. Nitashona mifarishi mitano, kila mmoja uwe na vipande vya khanga zilezile, kila mtu aende nao alikokwenda.

Baada ya khitma ya arobaini mashangazi wakafungua sanduku. Doti nzima, zile hazijakatwa hata pindo, wakagawana wao na wajukuu wa kike, ndo utaratibu. Kulikuwa na moja ya zamani ina chapa ya Mali ya Abdulla wa Mombasa, hiyo ilikuwa vita baridi kabisa. Chakavu wakazirundika, shangazi mdogo akasema, "Hizi mpeni fundi wetu, si ndo anazotaka."

Shangazi mkubwa muda huo alikuwa jikoni anahesabu sahani. Hilo nalo lishikeni.

Kwenye lile rundo, chini kabisa, kulikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani khanga moja, wekundu umefifia hadi umekuwa kama chai ya maziwa, ina korosho nne kwenye kona, ile korosho ya khanga mnayoijua. Moja tu, mwenzake hayupo. Imekunjwa vizuri na karafuu ndani yake. Jina lake silisemi, shangazi akilisoma hapa tutaanza upya.

Wadau, mimi ni mtoto niliyelelewa na bibi. Najua kitu kilichokunjwa na karafuu si kitu cha kutupa. Zile nyingine zilikuwa zimevurugwa kama za dekio, hii ilikuwa na harufu. Nilisimama nayo mkononi kama dakika nzima. Nikajiambia nimepewa. Na pamba ya zamani vile, laini, ukishaifua miaka thelathini hakuna kitambaa cha duka kinachoikaribia. Nikaweka boksi langu la inchi 6 juu yake, nikapitisha mkasi. Pindo lilikuwa limeoza na katikati kulikuwa na matobo, nikapata viraka 28. Nikavigawa kwenye mifarishi yote.

Khanga ukiikata, jina lake linakatika. Kwenye mfarishi mmoja unasoma MAMA, hatua mbili mbele NITAK, halafu kiraka cha Urafiki, halafu UBIRA bila S yake. Mimi nilikuwa naona raha kwelikweli. Nikapiga picha nikaposti, mkanipa laiki.

Dada alisafiri mapema, akaondoka na wake kwenye begi la mkononi. Waliobaki tukakutana uani mara ya mwisho kabla ya kukabidhi funguo. Pilau, watoto, kelele. Nikatandaza mifarishi minne mkekani. Dogo akajifunika wa kwake saa sita mchana na jua lote lile. Shangazi mkubwa akachukua wake, akaukunjua magotini, akawa anapapasa kiraka kimoja kimoja na kutaja. Hii alivaa Idi kubwa. Hii msiba wa baba. Hii aliniazima hakurudisha, nikaenda kuiiba. Watu wanacheka. Halafu mkono ukasimama.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye zile mlizonipa, shangazi."

"Ilikuwa kwenye mfuko."

Sikujibu.

"Ina karafuu."

"Ndiyo, shangazi."

"Ukaikata."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliukunja ule mfarishi pembe kwa pembe, ua juu ya ua, akauweka mkekani, akachukua mkoba wake akapita koridoni akatoka. Pilau yake ikabaki inatoa moshi.

Shangazi mdogo ndo akanieleza, analia. Shangazi mkubwa alikuwa na mtoto kabla ya hawa tunaowajua. Wa kiume. Bibi ndo alikuwa anambeba mgongoni kwa khanga ile, ndo ilikuwa mbeleko yake, shangazi akienda kazini. Mtoto akapata surua, hajamaliza mwaka na nusu. Baada ya msiba shangazi hakutaka kuiona, na hakutaka itupwe. Bibi akaitia karafuu akaiweka chini ya sanduku, hakuifunga tena. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nyumbani haizungumzwi.

Nilikwenda Mbagala wiki iliyofuata. "Shikamoo shangazi." Kimya. Nikapiga simu, ikapokelewa, nikasema shikamoo, ikakatwa taratibu. Kwa sisi watu wa pwani mtu mzima kukunyima marahaba ni kukufuta. Ugomvi mtaamuliwa, deni utalipa, lakini shikamoo ikibaki inaning'inia hewani unakuwa kama hukuja.

Nyumbani walitaka kumtupia lawama shangazi mdogo, maana yeye ndo alinikabidhi rundo. Nikaacha wafanye hivyo kwa kama wiki mbili. Na hilo pia naliandika.

Usiku nikawa natafuta kwenye simu wa kunitetea. Nikampata. Kuna kijiji Marekani, Gee's Bend, jimbo la Alabama, wanawake weusi wa kule ni maarufu kwa mifarishi, mpaka ilitundikwa makumbusho ya Whitney, New York, mwaka 2002. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mume wake, na mwaka 1942 akachukua nguo zake za shamba, zimepauka zimechakaa magotini, akazikata akashona mfarishi wa kujifunika amkumbuke. Bado upo. Nikasema eeh, hii hapa. Nikapakua na picha yake nimtumie shangazi.

Bahati nzuri bando likaisha. Maana asubuhi nikiwa nafungua cherehani, nikaona ujinga wangu. Yule mama alikata nguo za mume wake mwenyewe. Mkasi ulikuwa wake na msiba ulikuwa wake. Mimi nilikata za mtu, halafu natafuta cheti.

Nikamwambia shangazi mdogo amwambie dada yake kwamba mfuko niliuona, karafuu nikazinusa, na sikuuliza. Kisha nikaanza kurudisha viraka. Baba mdogo alituma wake kwa basi kutoka Njombe bila kuuliza swali. Dogo alinipa wa kwake akalala bila kujifunika wiki nzima kama komandoo. Kufumua unatumia wembe, unakata mshono mmoja unaruka mitatu, unavuta uzi taratibu, maana pamba ya umri ule ukiivuta kwa hasira inachanika kama karatasi. Usiku tatu. Kila nilipotoa kiraka cha mbeleko nikaziba kwa merikani tupu, nyeupe. Kwa hiyo mifarishi yetu sasa ina matundu meupe. Nilikuwa na vitenge vingi tu vya kuzibia. Sikutaka.

Nikapata viraka 24. Vinne viko Muscat.

Nikaviunga, vinne kwa sita, nikijaribu kurudisha maua mahali pake. Hapo ndo ile hesabu ikanikuta. Kila kiraka kilishapoteza inchi moja, huwezi kuirudisha, hata uwe fundi wa nani. Khanga nzima ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Mimi nilibaki na kitu cha inchi 20 kwa 30, maua hayakutani vizuri, korosho moja tu. Fundi alikiangalia, akapiga pasi mwenyewe, hakusema kitu, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Nikapanda daladala ya Mbagala Rangi Tatu nimekipakata kwenye mfuko, nimetia karafuu mpya. Miezi saba kasoro siku chache.

Shangazi alikuwa kibarazani anachambua mchele. "Shikamoo shangazi." Kimya, lakini akasukuma kiti cha plastiki kwa mguu. Nikakaa. Nikampa. Alifuta mikono kwenye khanga aliyovaa, akakitoa, akakiweka mapajani juu ya ungo, mchele na vyote. Akakipima kwa mikono, huku na huku, kama mtu anayekadiria kitu kilalie. Alikaa hivyo muda. Wajukuu zake walikuja wakafukuzwa kwa jicho.

"Vingapi?"

"Ishirini na nne."

"Ulikata vingapi?"

"Ishirini na nane. Vinne viko kwenye mfarishi wa dada, Muscat. Nimeshaongea naye, anafumua, kuna mtu anakuja mwezi ujao atavileta."

Akarudi kwenye kitambaa. Alikuwa anafuata mshono wangu kwa ukucha.

"Mtoto wake analala nao?"

"Ndiyo. Analia wakiufua."

Shangazi akaanza kukikunja.

"Mwambie asifumue. Na mwambie asiufue kwa jiki."

Tukakaa. Akaniletea chai, nikanywa, nikaaga. Nilikuwa nimeshavaa kandambili moja, natafuta ya pili chini ya kibaraza, ndo nikasikia nyuma yangu:

"Marahaba."